Moto wa Bujumbura na Mitaji Mitatu ya Mfanyabiashara Mdogo

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, moto ulizuka katika Soko Kuu la Bujumbura, nchini Burundi. Soko hilo lilikuwa katikati ya mji, na lilikuwa kubwa kupita masoko yote ya nchi ile. Magari ya zimamoto yaliyokuwapo hayakufua dafu, hata ikabidi nchi jirani ya Rwanda ipeleke helikopta kusaidia kuuzima moto huo. Yote hayo hayakuliokoa soko. Siku moja ilitosha kuteketeza kazi ya miaka mingi ya maelfu ya watu.

Soko liliungua siku moja, lakini hasara haikwisha siku hiyo. Wafanyabiashara walitawanyika. Baadhi walikwenda kutafuta nafasi katika masoko mengine ya mji. Baadhi walitandaza bidhaa chache kando ya barabara. Na baadhi hawakurudi tena katika biashara. Waliowakopesha nao walibaki wakijiuliza fedha zao zitarudi kwa njia gani. Miaka kumi baadaye, mwaka 2023, mahali pale katikati ya Bujumbura palikuwa bado hapajasimama soko jipya.

Leo tunalizungumzia jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, Burundi ni jirani yetu wa karibu. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa Bujumbura hupitia bandari ya Dar es Salaam, na nyingine huvuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Soko la Bujumbura linapoungua, yupo mwenye bohari Kigoma anayekosa mnunuzi. Pili, msiba huu si wa Burundi peke yake. Jijini Nairobi, soko la Gikomba, ambalo ni maarufu kwa nguo za mitumba, limeungua mara nyingi kiasi kwamba wafanyabiashara wake wanahesabu miaka kwa moto. Katika moto wa tarehe 28 Juni 2018, watu 15 walipoteza maisha. Jijini Kampala, soko la St. Balikuddembe, ambalo wengi hulijua kwa jina la Owino, liliteketea mwaka 2009, na likapatwa na moto mara nyingine baada ya hapo. Na sisi wenyewe hatukusalimika. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua Soko la Kariakoo, na Januari 2022 likafuata Soko la Karume, Ilala. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tumekwisha kunyolewa pia. Lililobaki ni kujua tutafanya nini kabla wembe haujarudi.

Ndugu wasikilizaji, kwanza yafaa tumfahamu vizuri huyu tunayemzungumzia. Mfanyabiashara mdogo wa sokoni si tajiri aliyepoteza sehemu ya utajiri wake. Mara nyingi mali iliyomo katika kibanda chake si yake yote. Tuchukue mfano wa mama mmoja muuza vitenge. Kibandani mwake mna vitenge vya shilingi milioni tatu. Milioni moja ni akiba yake ya miaka kadhaa. Milioni ya pili ameikopa katika chama cha akiba na mikopo. Milioni ya tatu ni vitenge alivyopewa kwa mali kauli na muuzaji wa jumla, avilipie baada ya kuviuza. Zaidi ya hapo, wateja wake wanamdai yeye uvumilivu na yeye anawadai fedha: jumla shilingi laki nne, zilizoandikwa katika daftari moja lililochakaa, ambalo hukaa chini ya meza.

Moto ukipita hapo usiku mmoja, hesabu yake hubadilika namna hii. Vitenge vya milioni tatu havipo. Deni la milioni mbili lipo vile vile, kwa maana moto hauunguzi deni. Zile laki nne je? Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Kama daftari limeungua, laki nne hizo zimebaki katika dhamira za wadeni, na dhamira za watu hazifanani. Kama daftari limesalimika, mama huyu anazo laki nne za kuanzia, na anayo karatasi ya kumwonyesha mkopeshaji wake kwamba yeye alikuwa mtu wa hesabu. Tofauti kati ya kuinuka na kuanguka kabisa imelala katika daftari ambalo bei yake haifiki hata ya kipande kimoja cha kitenge.

Kwa hiyo, tunaposema mtaji wa mfanyabiashara mdogo, tusifikiri juu ya bidhaa tu. Mtu huyu ana mitaji mitatu. Wa kwanza ni mali: bidhaa, vyombo, fedha taslimu. Wa pili ni kumbukumbu: nani anadaiwa, nani anadai, bidhaa gani hununuliwa wapi na kwa bei gani, leseni namba ngapi, mkataba wa kibanda unasema nini. Wa tatu ni imani: imani ya muuzaji wa jumla anayempa mali bila fedha, na imani ya mteja anayempita muuzaji mwingine ili afike kwake. Moto au maji huchukua mtaji wa kwanza kwa saa chache, na pengine hakuna awezaye kuzuia. Lakini mtaji wa pili na wa tatu unaweza kuwekwa mahali ambapo moto hauwezi kufika. Mtu anayefanya hivyo mapema amejiwekea mpango wa kuendelea na biashara baada ya maafa, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo.

Tuanze na kumbukumbu. Upo usemi unaopendwa sana madukani mwetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu ni wa kweli, ila una upungufu mmoja: haukutuambia daftari lenyewe lilale wapi. Daftari linalolala dukani litaungua na duka. Mwenye duka hana budi kuwa na nakala mahali pengine. Zamani njia ilikuwa karatasi ya kaboni: ukiandika ukurasa mmoja, unapata wa pili, na ule wa pili unakwenda nao nyumbani. Njia hiyo bado inafaa. Lakini siku hizi wengi wanazo simu zenye kamera. Kila jioni kabla ya kufunga, piga picha ukurasa wa siku hiyo, uipeleke picha hiyo kwa mtu wa nyumbani mwako au ndugu aliye mji mwingine. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili. Fanya vivyo hivyo kwa leseni, kitambulisho, mkataba wa kibanda, stakabadhi za ushuru na risiti za manunuzi makubwa. Wala isiachwe picha katika simu hiyo hiyo peke yake, kwa sababu simu nayo huungua, huibiwa na huanguka majini.

Pamoja na daftari, iandikwe karatasi moja tu yenye majina na namba za simu: wauzaji wa jumla, wateja wakubwa, katibu wa soko, chama cha mikopo, kampuni ya bima kama ipo, na mlinzi wa usiku. Watu wengi siku hizi hawakumbuki namba yoyote kichwani. Zote zimo katika simu. Siku simu ikipotea, mfanyabiashara huwa kama mgeni katika mji wake mwenyewe.

Sasa tuitazame mali. Njia ya kuiokoa mali ambayo imo sokoni usiku wa moto karibu haipo. Aliyeingia ndani kuokoa robota moja la mitumba huenda asitoke, na maisha ya mtu hayalinganishwi na robota. Kilichosalimika ni kile ambacho hakikuwamo. Kwa hiyo, mwenye uwezo wa kugawa mali yake asiilaze yote mahali pamoja. Sehemu ikae kibandani na sehemu ikae nyumbani, au katika ghala la mtaa mwingine. Itasemwa kwamba mfanyabiashara mdogo hana ghala la pili, na kwamba chumba chake kimoja hakitoshi hata watoto. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini hata yeye anaweza kuondoka jioni na kile kidogo chenye thamani kubwa. Fundi cherehani hawezi kubeba cherehani, lakini anaweza kubeba mikasi, vipimo vya wateja na nguo zilizokwisha kushonwa. Fundi redio hawezi kubeba meza, lakini anaweza kubeba mfuko wa vyombo vyake. Fundi aliyebaki na vyombo anaweza kufanya kazi kesho yake chini ya mwembe. Fundi aliyepoteza vyombo ataomba kazi kwa mwenzake.

Na fedha taslimu zisilale kibandani hata kidogo. Desturi ya kuficha noti chini ya mbao au ndani ya magunia imewaponza wengi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na huduma za namna hiyo kuenea Tanzania na kwa majirani, mtu wa kawaida amepata mahali pa kuweka fedha ambapo moto wa sokoni haupafikii. Simu ikiungua, laini huweza kutolewa upya na fedha zikakutwa zipo, ili mradi laini ile imesajiliwa kwa jina la mwenyewe. Yule anayetumia laini ya jina la mtu mwingine ajue kwamba siku ya msiba itambidi amtafute mtu huyo kwanza.

Ndugu wasikilizaji, majanga si moto tu. Mji wa Goma, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko, uko chini ya mlima wa volkano uitwao Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto ulishuka kutoka mlimani, ukapasua mji katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na mtaa wa biashara, hata ukaingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda. Lakini katika siku chache tu wengi wao walirejea, na biashara ikaanza tena juu ya mawe ambayo yalikuwa bado hayajapoa sawasawa. Kisha usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ule ukalipuka tena. Safari hii uji wa moto ulisimama kabla ya kufika katikati ya mji. Lakini tarehe 27 Mei, kwa kuhofia mlipuko mwingine, wakuu wa serikali waliamuru sehemu kubwa ya mji ihame mara moja. Watu walifuata barabara ya Sake au walivuka mpaka, kila mmoja na kile alichoweza kubeba.

Goma inatufundisha jambo ambalo Bujumbura haikulionyesha wazi. Katika moto wa sokoni mtu anapoteza duka, lakini wateja wake bado wapo mjini. Katika uhamaji wa ghafla, duka linaweza kubaki zima, ila mwenyewe na wateja wake wametawanyika. Hapo mtaji wa tatu, yaani imani, ndio unaopimwa. Je, mteja atajuaje ulipo? Je, muuzaji wa jumla atajuaje kwamba hukutoroka na mali yake? Yule aliyewahi kuwaambia wateja wake, siku za amani, kwamba "nikikosekana hapa, mnitafute mahali fulani au kwa namba hii," anaweza kuwapata tena. Na yule anayempigia simu mdai wake siku ya pili ya msiba, kabla hajatafutwa, akamwambia hali ilivyo na jinsi anavyokusudia kulipa, amehifadhi kitu ambacho hakinunuliki. Anayejificha hupoteza mara mbili: amepoteza mali kwa moto, na jina kwa kunyamaza.

Kuna na maafa ambayo huja polepole, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Katika miaka ya 2020 hadi 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kufunika sehemu za mwambao. Huko Gatumba, karibu na Bujumbura, nyumba na maduka yalizingirwa na maji tena na tena. Maji ya namna hii hutoa taarifa. Leo yako penye mti ule, mwezi ujao yako penye kizingiti. Mwenye duka hupewa muda wa kuhama, lakini hushikwa na matumaini kwamba yatarudi yalikotoka. Dawa ya matumaini ya namna hiyo ni kujiwekea alama mapema: maji yakifika hapa, magunia yanapandishwa juu, yakifika pale, tunahama. Uamuzi uliofanywa wakati akili imetulia ni bora kuliko ule unaofanywa maji yakiwa magotini.

Tuseme kidogo juu ya bima. Wafanyabiashara wengi wadogo katika nchi zetu hawana bima, na baadhi ya walio nayo hawaielewi. Wengine huona kwamba bima ni mambo ya makampuni makubwa; wengine wamesikia kwamba fulani alilipia miaka mingi, na siku ya moto akapewa kidogo. Mara nyingi sababu ya kupewa kidogo ni hii. Mtu ana mali ya shilingi milioni kumi, lakini ili apunguze ada anaikatia bima ya milioni tano tu. Yakitokea maafa na kuunguza mali ya milioni nne, yeye hutazamia kulipwa milioni nne, kwa kuwa ni chini ya tano. Lakini katika mikataba mingi ya bima ya moto, mtu aliyekata bima ya nusu ya mali huhesabiwa kwamba nusu nyingine ameibeba mwenyewe. Atalipwa milioni mbili. Basi ni wajibu wake kuuliza kabla ya kutia sahihi: je, mkataba huu unalipa nini na haulipi nini? Moto tu, au na mafuriko? Bidhaa tu, au na jengo? Tena, bima hudai ushahidi wa mali iliyokuwapo. Hapo tunarudi pale pale penye daftari na risiti. Mwenye bima asiye na kumbukumbu ana kufuli isiyo na ufunguo.

Kwa wale ambao ada ya bima ni mzigo usiobebeka, iko njia ya kale iliyo mikononi mwetu. Wanawake wa sokoni wana upatu. Kenya wana vyama vyao, Rwanda wana ibimina, Uganda na Tanzania tuna vyama vya akiba na mikopo. Vyombo hivi vimezoea arusi, misiba na ada za shule. Havijazoea sana kuweka fungu la maafa ya biashara. Yapo na mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, wanachama wote wakiwa wa soko moja, siku soko likiungua wote ni wahitaji, na sanduku haliwezi kuwatosheleza. Ni vizuri chama cha soko hili kiungane na cha soko jingine, ili mmoja akilia mwingine awe na machozi ya kumpangusa. La pili, fungu lenyewe liwekwe benki au katika simu ya chama yenye wasimamizi zaidi ya mmoja, wala lisiwe katika kasha la mwenyekiti lililomo sokoni humo humo.

Makubaliano mengine ya kusaidiana hayahitaji fedha kabisa. Washonaji wawili wa mitaa miwili wanaweza kuahidiana kwamba mmoja akipatwa na janga, mwenzake atamwachia cherehani moja saa za usiku kwa mwezi mmoja. Mwenye mgahawa anaweza kukubaliana na jirani yake wa mtaa wa pili kuhusu jiko. Ahadi hizo zitolewe mapema, mbele ya mashahidi, wakati kila mmoja anajua kwamba huenda akawa yeye wa kwanza kuomba.

Ndugu wasikilizaji, itakuwa si haki tukimtwika mfanyabiashara mzigo wote, kana kwamba moto ni kosa lake. Kila asubuhi yeye hulipa ushuru. Anapolipa ushuru anayo haki ya kudai njia pana ya kupita gari la zimamoto, bomba la maji lenye maji, nyaya za umeme zilizofungwa na fundi anayestahili, na mlinzi wa usiku mwenye filimbi na mtungi wa kuzimia moto. Katika moto wa Gikomba, wasiwasi uliosikika mara nyingi ni huo: vibanda vimebanana mno, njia ni nyembamba, na msaada unachelewa kupenya. Hapa kuna wajibu wa pande mbili. Halmashauri zisigawe uchochoro kwa ajili ya kupata ushuru wa kibanda kimoja zaidi. Na mfanyabiashara naye asisogeze meza yake njiani usiku wakati askari wa jiji hayupo. Nafasi ambayo leo umeiongeza kwenye meza yako ndiyo nafasi ambayo kesho gari la zimamoto litaikosa.

Lipo na jambo jingine ambalo halina budi kufanywa na wakuu wa masoko kabla ya maafa, nalo ni orodha ya kweli ya wafanyabiashara. Soko likiungua, swali la kwanza huwa ni nani ameathirika. Na likijengwa upya, swali kubwa huwa ni nani arudi na akae wapi. Pasipo orodha inayoaminika, iliyohifadhiwa nje ya soko na kubandikwa hadharani ili kila mtu aione, watakaotangulia kupata vizimba ni wenye sauti na wenye kujuana, na yule mama wa vitenge atakuta pahali pake pana mtu mwingine. Tena, kuna wale wasio na mkataba: waliopangishwa na mpangaji, vijana wanaouza kwa kuzunguka, wachukuzi wa mizigo. Hao nao walikula kutokana na soko lile. Orodha isiyowataja ni orodha ya nusu. Huko Gikomba, kila baada ya moto hayakosekani maneno kwamba wako watu wanaoitamani ardhi ile. Maneno hayo yawe kweli au yasiwe kweli, njia ya kuyanyamazisha ni moja: kila mwenye haki ya kurudi ajulikane kwa maandishi kabla ya moto.

Na muda ni mali. Wakati wa kujenga upya ndipo biashara nyingi ndogo hufa, wala si usiku wa moto. Mtu mwenye akiba ya wiki mbili hawezi kungoja miaka miwili. Kwa hiyo mpango wa halmashauri yoyote wa kukabiliana na maafa usiishie kwenye kuzima moto. Useme pia ni uwanja gani utakaofunguliwa kuwa soko la muda, katika siku ngapi, nani atapima vizimba, maji na vyoo vitatoka wapi, na ushuru utasimamishwa kwa muda gani. Wanaokopesha nao wana neno lao: mdeni aliyeungulia akipewa miezi michache ya kupumua analipa; akibanwa siku ile ile, hana cha kulipa, na mkopeshaji anabaki na hati isiyo na thamani.

Wapo wasemao kwamba ajali haina kinga, na kwamba kujipangia maafa ni kuyaita. Tunawaheshimu wenye kusema hivyo, lakini tuwaulize: Je, mvuvi anayechukua kata ya kutolea maji chomboni ameyaita mawimbi? Je, mkulima anayeweka mbegu kwa msimu wa pili ameuita ukame? Wazee wetu hawakuwa na neno refu la mipango ya dharura, lakini walijenga ghala la nafaka mbali na jiko. Walijua kwamba jiko siku moja laweza kuungua. Walichotaka ni kwamba, jiko likiungua, njaa isiingie.

Hayo ndiyo tunayopenda kuyaacha kwa msikilizaji mwenye duka, genge, kibanda au meza. Jioni moja ya wiki hii inatosha kuanza. Piga picha daftari na hati zako, uzipeleke kwa mtu aliye mbali na soko. Andika karatasi ya namba za simu, uiweke nyumbani. Chagua ni vitu gani vitatoka nawe kila jioni. Ongea na mwenzako mmoja wa soko jingine juu ya kusaidiana. Kisha, katika mkutano ujao wa soko, simama uulize maswali matatu: orodha yetu iko wapi, njia ya gari la zimamoto iko wapi, na tukiungua leo, kesho tutauzia wapi?

Wenzetu wa Bujumbura hawakupewa nafasi ya kuuliza maswali hayo alfajiri ile ya Jumapili. Sisi tunayo. Tahadhari kabla ya hatari.